Mpunguzie Kidogo

4 Februari

Baba Chiriku, mume wangu,

Pole na kazi ya moto. Huku wazima, ila mgongo wangu umegoma. Tangu shule zifunguliwe cherehani haijapata hata dakika ya kupoa. Dereva wa lori la vifaa vya huko bwawani kwenu anasema anaondoka saa nane, kwa hiyo nakuandikia nimekaa juu ya meza ya kukatia na pini mdomoni. Ukiona karatasi ina matundu usishangae.

Sare za wasichana wa darasa la sita, kumi na wanne, zote zimekuja kwangu. Nimepima mpaka tepu imechoka. Chiriku ananisaidia: mimi napima na kutaja, yeye anaandika daftarini. Ana mwandiko mzuri huyu mtoto, sijui kautoa wapi, maana kwako si. Na unanijua, majina ya wateja hayanikai kichwani hata unichape. Lakini mtu nikimpa jina langu mwenyewe simsahau, wala sketi yake haiendi kwa mwingine. Basi mwaka huu tunaye Mlingoti, tunaye Magoti Yanapigana, tunaye Shingo Imeenda Wapi, na tunaye Pipa. Pipa ni binti wa yule Muuguzi wa wodi ya wazazi. Mtoto mpole, hajafika miaka kumi na miwili, kiuno sabini na nane! Nilipotaja, Chiriku alicheka mpaka kalamu ikamdondoka. Usiogope, wenyewe hawasikii. Nasubiri wavae viatu watoke ndipo namtajia.

Sasa habari tamu. Mwaka jana nililia kwa ajili ya mtoto huyu, unakumbuka? Kila siku anarudi na mkate wake mzima kwa sababu hana wa kukaa naye wakati wa mapumziko. Mwaka huu ana marafiki watatu, tena wale wa viatu vinavyong'aa, ambao zamani walikuwa wanampita kama kiti. Wanakuja hadi dukani baada ya masomo, wanacheka naye kwenye kona ya vitambaa. Nikiwasikia nakanyaga cherehani kwa nguvu kwa raha.

Kula vizuri, na usishike chuma bila glavu kujionyesha.

Mkeo,
Mama Chiriku


18 Februari

Mke wangu,

Barua yako imeniponya. Wiki nzima tumeunganisha bomba la bwawa, kubwa hivi kwamba mtu anatembea ndani amesimama na kofia kichwani, na ukipiga chafya huko ndani wanakujibu kumi. Wakati wa chakula niliwasomea wenzangu majina yako. Watu thelathini walivunjika mbavu. Mpakiaji mmoja mnene tumempa Shingo Imeenda Wapi, limemkaa kama alizaliwa nalo, naye mwenyewe anacheka. Pipa nalo limepata wapenzi hapa; kila tenki la maji sasa ni binti wa Muuguzi.

Niletee mengine. Huku hakuna redio wala simu haishiki, mdomo wako ndio sinema yetu.

Na huyo Chiriku mwambie baba amefurahi kwamba amepata wenzake. Mtoto asiye na mwenzake huumia mahali ambapo mzazi hafiki.

Mumeo


2 Machi

Fundi,

Nikitoka zamuni duka lako limeshafungwa, ndiyo maana tunaonana kwa karatasi. Nimemwachia mfuko jirani yako muuza madaftari. Ndani kuna sketi ya binti yangu, ile uliyomshonea juzi juzi tu. Inamshuka. Naomba umpunguzie kidogo kiunoni. Yeye anasema anarefuka, na kweli ndio umri wake, lakini naona hata mabegani. Atapita kwako Jumatatu umpime.

Msalimie Chiriku. Zamani walikaa dawati moja, siku hizi simsikii akimtaja. Labda wamebadilishwa viti.

Ahsante kwa mkono wako mzuri.

Muuguzi


5 Machi

Dada Muuguzi,

Nimempima: sabini na mbili. Nimempunguzia sentimita sita nzima na kifungo nimekihamisha. Sasa wewe unasikitika nini? Kuna wanawake wazima wanafunga kula wakikitafuta kiuno hicho wasikipate. Binti anajipanga, shukuru. Nilimwambia hivyo hivyo usoni, "Afadhali, sasa umependeza." Akatabasamu kidogo.

Chiriku alikuwepo, lakini ghafla alikumbuka ana kazi ya shule akaingia ndani. Walimu wa siku hizi nao, wanawapa watoto mizigo utadhani wanahama nyumba.

Fundi wako


17 Machi

Baba Chiriku,

Leo sina utani.

Chiriku wetu amenyamaza. Wewe unajua nyumba hii ilivyo, kuanzia chai mpaka kulala tunasikia alichosema mwalimu, alichosema mbwa wa mlinzi, alichoota. Wiki ya tatu sasa hakuna kitu. Anaweka mkoba, anakaa. Daftari la vipimo hataki hata kuligusa, nilimwita aniandikie akasema, "Andika mwenyewe, mama." Wale rafiki zake wakija anajificha chooni mpaka waondoke. Juzi nilimkuta nyuma ya marobota ya vitambaa analia bila sauti, kitambaa kakiuma kwa meno. Nikamuuliza nani kakufanya nini. Akasema hakuna. Nikabembeleza, nikafoka, nikabembeleza tena. Hakuna.

Halafu jana nimeletewa barua na mwalimu wa darasa. Niende tarehe ishirini, "kuhusu wasichana kusumbuana." Basi nimeelewa. Mwanangu anaonewa tena. Mwaka jana walimwacha peke yake, mwaka huu wamemvuta karibu ili wapate pa kumpigia.

Naapa nitaingia shule ile na sitatoka hivi hivi. Huyo mtoto nitamjua, na mama yake atanijua mimi ni nani.

Mkeo


23 Machi

Fundi,

Samahani kukusumbua tena. Mfuko uko kwa muuza madaftari. Sketi ni ile ile. Atapita Jumanne.

Nakuuliza kitu mama kwa mama. Watoto wa darasa lao wote wanapita dukani kwako; umesikia lolote? Binti yangu hali chakula. Anasema ameshakula shule, shule wanasema hajala. Ameanza kusema anaumwa tumbo kila asubuhi ya siku ya masomo. Nimemuuliza kama kuna anayemsumbua, akaniambia kuna jina wanamwita. Jina gani? Hataki. Nani alilianzisha? Hataki. Mwalimu nilimkosa mara mbili kwa sababu ya zamu. Kazini kwangu nafungua midomo ya watu wazima wanaokataa dawa, nyumbani nimeshindwa kufungua wa mtoto mmoja.

Ukisikia hata neno moja, tafadhali.

Muuguzi


24 Machi

Mke wangu,

Barua yako ya tarehe 17 niliisoma nimesimama, nikarudi kazini nikaunguza kiungo kizima cha bomba kwa hasira.

Nisikilize. Usipige kelele, kelele humsaidia mwenye kosa, watu wanabaki kuzungumzia kelele. Huyo mzazi mwenzako mwambie hivi, na mwambie ni maneno ya baba yake Chiriku: mtoto haokoti ubaya njiani, anautoa nyumbani. Kama ni mzazi kweli asimfiche mwanawe nyuma ya sketi yake. Amshike mkono waende wote wawili, waseme walichofanya mbele ya macho yale yale yaliyoona kikifanyika. Akishindwa hilo, basi huyo hana mtoto, ana mpangaji.

Mkumbatie Chiriku. Mwambie baba yake anajua kwamba hana kosa.

Mumeo


26 Machi

Muuguzi,

Nimempunguzia. Sitini na sita.

Sijasikia lolote. Watoto wakinyamaza wana sababu zao. Jaribu kumpa chai ya maziwa asubuhi.

Fundi


31 Machi

Baba Chiriku,

Barua yako nimepata. Mkutano umeahirishwa. Sote wazima. Kazi nyingi.

Mkeo


7 Aprili

Mke wangu,

Mistari minne? Wewe? Wewe ambaye ukiandika "habari" inajaza ukurasa?

Nani amefariki? Niambie.

Mumeo


14 Aprili

Mume wangu,

Hakuna aliyefariki. Nilikudanganya. Mkutano haukuahirishwa. Nilikwenda, tena nilivaa lile gauni la bluu ili huyo mama mwingine anione vizuri. Mama mwingine nilikuwa mimi.

Mwalimu alifunga mlango wa ofisi akatoa karatasi kwenye droo. Ilikuwa ikipita chini ya madawati tangu Februari, kila mmoja ananakili, mpaka walipothubutu kuibandika ukutani. Mlingoti. Magoti Yanapigana. Shingo Imeenda Wapi. Wote kumi na wanne wametajwa, kasoro wanne: wale marafiki watatu na Chiriku mwenyewe, wao hawakuandikwa. Pembeni ya kila jina, kiuno na nyonga. Mwandiko ni ule mzuri niliokusifia. Pipa lilikuwa limezungushiwa duara jekundu.

Wale watatu walimwambia akiwaletea yaliyomo daftarini atakaa nao. Akawaletea. Anasema alidhani watacheka siku moja. Kumbe ikawa binti wa Muuguzi akipita kwenda kwenye kiti chake wanapiga madawati kama ngoma, pole pole, kwa hatua zake, mpaka akae. Na Chiriku anapiga pamoja nao. Alimpigia mtoto aliyekaa naye dawati moja, kwa sababu aliyekataa kupiga alipigiwa yeye siku ya pili. Mwalimu akiingia, kimya, malaika watupu.

Lakini hilo silo lililonifunga mdomo. Mwalimu alimuuliza Chiriku, "Majina haya umeyatoa wapi?" Mtoto aligeuka. Aliniangalia. Mume wangu, aliniangalia muda mrefu, akiningoja. Mwalimu naye akanigeukia, "Mama, unajua lolote?" Nikasema, "Sijui, mwalimu. Watoto wa siku hizi wanaokota maneno popote." Chiriku akainamisha kichwa akasema, "Nimeyatunga mimi." Akayachukua yote. Miaka kumi na mmoja, akambeba mama yake mgongoni, na mama akakubali kubebwa.

Amepewa mwezi wa kufagia darasa peke yake. Mwalimu alitaka kumwita Muuguzi, nikamwomba aniachie, nikasema ni rafiki yangu nitamweleza taratibu. Sikumweleza. Siku sita baadaye binti yake alikuja kupunguziwa mara ya pili. Nilimzungushia tepu nikaziona mbavu kwa vidole. Akaniuliza, "Fundi, nimefika ngapi?" Nikamwambia sitini na sita. Akasema, "Bado." Basi. Neno hilo moja, akavaa viatu akaenda. Na mimi nikakaa nikamwandikia mama yake kwamba sijasikia lolote.

Wiki hii hakwenda shule kabisa. Jirani muuza madaftari anasema hatoki kitandani, na mama yake ameomba likizo.

Maneno yako ya tarehe 24 nayajua kwa moyo sasa. Mkuki kwa nguruwe, mume wangu. Ukinichukia nitakuelewa. Chiriku usimchukie.

Mkeo


21 Aprili

Mke wangu,

Niliingia ndani ya bomba nikatembea mpaka mwisho wake na kurudi. Nilitaka nikukasirikie, lakini kila nikianza najikuta mimi. Nani aliandika "niletee mengine"? Wewe ulitaja jina mbele ya mtoto mmoja. Mimi niliwalisha nalo wanaume thelathini, wakashushia na chai.

Leo wakati wa chakula nimewaambia wote lilikofika. Wenye mabinti walisukuma sahani zao. Yule mpakiaji mnene, ambaye kila siku anacheka nasi, akasema, "Mimi nilikuwa nacheka ili msiniongezee jingine." Miezi miwili tunamwita hivyo, na mimi nilidhani anafurahi. Ana miaka hamsini na kitu. Sasa fikiria mwenye kumi na mmoja.

Msimamizi hanipi ruhusa mpaka mwisho wa Juni, mpaka maji yafunguliwe. Sitaweza kusimama kando yako, na hilo linaniuma. Lakini niliyoandika tarehe 24 sifuti hata herufi. Nenda kwanza kwa Muuguzi. Usiseme Chiriku alikosea kabla hujasema wewe ulikosea. Chiriku ana lake na alibebe, lakini la kwake tu. Lako litoe mgongoni mwake, mke wangu, mtoto anapinda.

Sikuchukii. Nimekaa mbali na nyumba yangu mpaka nikadhani ubaya unakaa kwa wengine.

Mumeo


28 Aprili

Muuguzi,

Nimekuja mlangoni kwako mara tatu nikarudi. Naandika kwa sababu mdomo wangu, ambao haujawahi kuniangusha kwa mambo ya kipuuzi, kwa hili umekataa.

Jina ambalo binti yako hakutaka kukutajia ni Pipa. Nililitunga mimi. Ndivyo ninavyowakumbuka wateja, nawapa majina ya kuchekesha, na nililitaja mbele ya mwanangu nikacheka ili naye acheke. Chiriku alilipeleka shule pamoja na vipimo vya binti yako. Alikosea, na atakuambia mwenyewe ukimruhusu. Ila alichokipeleka alikitoa mdomoni kwangu.

Tarehe 20 Machi niliambiwa yote mbele ya mwalimu, nikasema sijui lolote. Tarehe 26 nilikuandikia kwamba sijasikia kitu. Nilikuwa najua. Nilimpima nikijua.

Na ile siku ya kwanza ya kumpunguzia nilimwambia afadhali, sasa umependeza. Hapo nilikuwa sijui, lakini nililisema.

Sina la kujitetea. Niambie nifanye nini nami nitafanya.

Fundi


3 Mei

Fundi,

Nimeisoma barua yako mara moja. Sitaisoma tena.

Kusahau jina la mtoto wangu ningekusamehe. Kumcheka pia, labda; sote tunacheka watu. Lakini nilikuuliza mama kwa mama, nikaandika "tafadhali", na wewe ukaniambia nimpe chai ya maziwa.

Mimi napima watoto wachanga kila siku. Gramu mia zikipungua naita daktari. Wangu alikuwa akipungua mbele ya macho yangu na mimi nampeleka kwa fundi akapunguziwe sketi. Hilo ni langu, sikupi. Yako yanakutosha.

Umeuliza ufanye nini. Nenda darasani ukaseme lilitoka wapi. Si ofisini kwa mwalimu mlango ukiwa umefungwa. Darasani, mbele yao wote. Binti yangu akirudi, kama atarudi, nataka asikute mtoto hata mmoja anayedhani jina hilo lilitokana na mwili wake. Lilitokana na mdomo wa mtu mzima.

Binti yako akitaka kuja, aje Jumamosi saa nne asubuhi, peke yake. Asilete zawadi. Asije na maneno ya kufundishwa. Wewe usije.

Muuguzi


19 Mei

Baba Chiriku,

Nimefanya.

Mwalimu alinisimamisha mbele ya ubao, watoto arobaini na mmoja wananiangalia. Kiti cha binti wa Muuguzi kiko wazi, wamekiacha hivyo hivyo na vumbi lake. Chiriku alikaa mstari wa pili, mikono juu ya dawati. Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri, yote yakanikimbia. Nikasema, "Majina yale ya kwenye karatasi niliyatunga mimi, mama yake Chiriku. Nilikuwa natafuta kucheka. Mwalimu aliponiuliza nikasema sijui, nikamwachia mwanangu. Nilisema uongo. Mtu mzima akikosea anakosea kama mtoto, ila anajua zaidi." Nikaomba radhi.

Nilidhani nimemaliza. Kumbe msichana mmoja akanyoosha mkono, ni yule Mlingoti. Akauliza, "Fundi, mimi ulinipa lile kwa sababu gani?" Nikasema, kwa sababu wewe mrefu, na halikuwa sawa. Akauliza mwingine. Mume wangu, waliniuliza mmoja mmoja! Mwingine hakuwemo hata kwenye karatasi, akataka kujua kama naye nilikuwa nimempa. Nikajibu wote, nikiona nilichokifanya sura baada ya sura. Nikawaambia daftari lile nimelichoma, sasa naandika majina yao ya kweli. Yule Magoti akasema, bila hasira kabisa, kama anayenipa habari, "Lakini sisi tunayakumbuka."

Wale watatu waliangalia dirishani. Wamemtupa Chiriku zamani, na wazazi wao wamehamisha kazi zao zote kwa fundi mwingine. Sawa tu.

Njiani kurudi Chiriku alinitangulia mpaka kwenye kona ya duka. Ndipo akaniuliza, "Mama, siku ile kwa nini hukusema?" Nikamwambia niliona aibu. Akasema, "Hata mimi niliona aibu, lakini nilisema."  Nilimwambia amesema kweli. Akanishika mkono, tukaingia ndani.

Jumamosi mbili amekwenda kwa Muuguzi. Ya tatu alikwenda jana. Akirudi simuulizi. Anakula, anaosha sahani yake, anakaa. Ya huko ni yao wawili.

Mkeo


7 Julai

Fundi,

Sikuandikii kwa sababu tumepatana. Nakuandikia kwa sababu ni haki yako kujua, na binti yako hatakuambia. Anasema si habari yake ya kutoa. Kwa hilo nimemheshimu.

Amekuja Jumamosi zote. Tatu za kwanza walikaa sebuleni, huyu kona hii yule kona ile, saa nzima, nami jikoni nimesimama kama mlinzi. Siku ya kwanza wako alisema, "Nilikuwa napiga dawati. Nilikuwa nalia moyoni lakini nilipiga." Wangu akageukia ukuta. Jumamosi ya nne ndipo wangu akamuuliza, "Unakuja kufanya nini?" Wako akasema, "Sijui. Nikikaa nyumbani nasikia ile ngoma." Wangu akasema, "Mimi pia naisikia. Naisikia nikitaka kula." Wakalia, kila mmoja upande wake. Sikuingia.

Wiki ile ile, siku ya Jumatano mchana, alikuja jikoni akavuta kiti. Nilimpa wali na mchuzi kidogo, kisha nikageukia masufuria nisimwangalie. Nilisugua sufuria safi, Fundi. Alipomaliza akaniambia, "Mama, upo mwingine?" Nilimpa huku bado nimemgeuzia mgongo, ili asinione. Tangu siku hiyo anakula. Kuna siku mbaya, anarudi nyuma, kisha anaendelea. Daktari amesema ni safari ndefu na nisishangilie mapema, kwa hiyo sishangilii.

Marafiki sijui kama watakuwa tena. Nimeacha kuuliza. Wiki iliyopita walicheza karata.

Mumeo alikuja hapa alipopata likizo. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, nikamkaribisha akakataa kuingia. Alisema, "Mimi pia nilicheka," akanipa mkono, akaenda zake. Ni mtu wa maneno machache. Labda ndivyo mlivyogawana.

Kukusamehe bado. Nikipita mtaa wako navuka upande wa pili, na kwa sasa itakuwa hivyo. Ukiniona usinifuate.

Kesho anarudi darasani. Leo asubuhi amejaribu sare yake mbele ya kioo. Ile sketi uliyompunguzia mara mbili imegoma kufunga. Nilimwangalia usoni kwa hofu, lakini alishusha tu mikono akasema, "Mama, inabana." Nimeipeleka kwa fundi mwingine aipanue kidogo kiunoni.

Muuguzi